Ekstensheni, chaja ya matundu mengi au pawabanki: ubebe kipi kwenye meli ya kitalii?

Sanduku langu halikufika. Meli ilishang'oa nanga, wenzangu wa korido nzima walishabadilisha nguo za jioni, mimi bado nimevaa suruali ya safari. Baadaye simu ya kabini ikalia: nishuke sitaha ya chini, chumba cha ukaguzi. Kule nikakuta foleni ya watu waungwana kabisa, kila mmoja amesimama mbele ya sanduku lake kama mwanafunzi aliyekamatwa na kibomu cha mtihani, na kosa la karibu wote lilikuwa moja: ekstensheni. Yangu ilikuwa ya soketi sita, yenye kinga ya umeme kupanda ghafla. Kinga hiyo ndiyo iliyonifanya niilipie zaidi dukani, na ndiyo iliyoniponza. Ikabandikwa kikaratasi chenye namba ya kabini, ikawekwa kwenye rafu, nikarudishiwa siku ya kushuka.

Tangu hapo nimejaribu karibu kila njia ya kupata umeme wa kutosha ndani ya kabini. Hapa nazipambanisha mbilimbili ili anayefunga sanduku leo aamue mapema, asije akaamuliwa getini.

Kabla ya yote, tandaza kitandani kila kifaa unachotaka kwenda nacho, kisha tenga mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vinavyochajiwa kwa waya wa USB: simu, kishikwambi, saa janja, visikizi, kamera nyingi za sasa, kisomeo cha vitabu, feni ndogo, hata kompyuta mpakato kama ni ya miaka ya karibuni. Fungu la pili ni vile visivyoenda bila plagi ya ukutani: draya ya nywele, pasi ya nywele, mashine ya kusaidia kupumua usingizini, chaja ya betri za kamera ya kizamani. Watu wengi wakifanya zoezi hili hukuta fungu la kwanza lina vitu tisa na la pili lina viwili, na viwili hivyo havitumiki kwa wakati mmoja. Ukishaona hivyo, swali la ekstensheni linapungua uzito lenyewe. Mtu anadhani ana upungufu wa soketi, kumbe ana upungufu wa matundu ya USB, na hayo ni matatizo mawili yenye dawa tofauti.

Umeme wa kabini ulivyo

Kabini za meli za zamani zina soketi mbili au tatu tu, na mara nyingi zote zimekaa kwenye meza ya kioo, mbali na kitanda. Meli mpya zimeongeza soketi kando ya mito na matundu ya USB mezani. Kwenye meli nyingi zinazobeba wasafiri wa Marekani utakuta aina mbili za soketi zimekaa jirani: ya Kimarekani, ya pini bapa, volti 110 hadi 120, na ya Kiulaya, ya pini mbili za duara, volti 220 hadi 230. Meli zinazolenga Waingereza, kama za P&O Cruises, zina pia ile ya pini tatu nene za mstatili. Bafuni kuna kisoketi cha mashine ya kunyolea. Hicho kinatoa wati chache tu, kinafaa mashine ya ndevu au mswaki wa umeme. Usikichomekee draya hata kama plagi inaingia.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye picha za matangazo. Kwenye baadhi ya meli, karibu na mlango kuna kijitundu cha kuchomeka kadi ya kabini ndipo taa ziwake, na ukitoka na kadi yako baadhi ya soketi nazo hulala. Unaacha simu ikichaji, unakwenda kula, unarudi na kuikuta ilivyokuwa. Siku ya kwanza chomeka chaja, chomoa kadi, uone kama kitaa cha chaja kinabaki.

Ekstensheni yenye kinga na isiyo na kinga

Hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa zaidi, kwa sababu kinachosifiwa nyumbani ndicho kinachokatazwa baharini. Nyumbani, fundi atakwambia ununue yenye kinga, umeme ukiruka isiunguze televisheni. Melini, kinga hiyohiyo inahesabiwa kuwa hatari ya moto, na karibu kila kampuni ya meli za kitalii inaikataa. Nilipokuwa kwenye ile foleni nilidhani ni ukaidi wa sheria tu. Sababu yake nilikuja kuielewa baadaye, na inafaa kuelezwa.

Nchi kavu, mmoja wa nyaya mbili za umeme, ule tunaouita nyutro, umefungwa ardhini. Kwa hiyo umeme wote uko kwenye waya wa moto, na nyutro ikipimwa dhidi ya ardhi inakaribia sifuri. Kwenye meli nyingi haiko hivyo. Nyaya zote mbili zimetengwa na chuma cha meli, na kila mmoja ukipimwa dhidi ya chuma hicho unakuta una karibu nusu ya umeme. Mainjinia walifanya hivyo kwa makusudi: waya mmoja ukichubuka na kugusa chuma, umeme hauzimiki, bali kengele hulia, mafundi wakatafuta hitilafu huku pampu na usukani vikiendelea na kazi. Meli iliyozimika umeme katikati ya mawimbi ni balaa kubwa kuliko waya uliochubuka.

Sasa ingiza ekstensheni yako yenye kinga. Ndani yake kuna vipande vidogo viitwavyo varista, vilivyounganishwa kati ya nyaya za umeme na waya wa ethi, ule wa usalama ambao melini umefungwa kwenye chuma cha meli. Kazi yake ni kukaa kimya umeme ukiwa wa kawaida, na kuumwaga kwenye ethi ukipanda. Hitilafu ikitokea mahali pengine kabisa melini, waya mmoja ukagusa chuma, ule wa pili hupanda ghafla dhidi ya ethi, kutoka nusu hadi umeme mzima. Varista zinaweza kudhani ndiyo mruko wenyewe umefika, zikaanza kumwaga. Lakini mruko wa kweli hupita kufumba na kufumbua, na huu unaweza kudumu mpaka fundi apate hitilafu. Kipande hicho kinapata moto, plastiki inayeyuka, na ekstensheni iko chini ya pazia au nyuma ya kitanda. Mwaka 2013 Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kwa vyombo vya majini kuhusu vifaa hivi. Jambo jingine baya ni kwamba swichi ya ekstensheni nyingi za madukani hukata waya mmoja tu. Melini nyaya zote mbili zina umeme, kwa hiyo unaweza kuizima na bado ikawa hai.

Nyumbani moto ukiwaka unatoka nje na kuita zimamoto. Baharini, nje ni maji, na zimamoto ni wafanyakazi walewale waliokupikia chai asubuhi.

Je, isiyo na kinga? Hiyo haina varista, kwa hiyo tatizo la kwanza halipo. Linalobaki ni la kuzidisha mzigo. Soketi ya Kimarekani ya ampea 15 kwa volti 120 inabeba wati 1,800, na draya moja kubwa inaweza kuzimaliza zote peke yake. Ukiongeza pasi ya nywele kwenye ekstensheni hiyohiyo, umeme wa kabini unakatika, pengine na wa jirani. Ndiyo maana kampuni hazikubaliani juu ya hizi. Carnival imekuwa ikiruhusu ekstensheni isiyo na kinga mradi itumiwe kwa uangalifu. Royal Caribbean mwaka 2024 ilipanua katazo lake likazikumba ekstensheni na vigawanya soketi hata visivyo na kinga, ikaacha vile vya USB tupu. Masharti haya hubadilika bila kelele, kwa hiyo soma orodha ya vitu vilivyokatazwa ya safari yako mwenyewe wiki ile unayofunga sanduku. Aliyesafiri mwaka juzi akikuapia kwamba yake haikuguswa, huenda anasema kweli, na isikusaidie kitu.

Kama umeamua kuibeba, igeuze mgongo usome. Ukikuta neno "surge", au namba inayoishia na jouli ("joules" au "J"), au kitaa kidogo kilichoandikwa "protected", hiyo ina kinga, iache. Kuna na zile zilizochanganya soketi na matundu ya USB kwenye boksi moja. Nyingi zina kinga ndani, na hata zisipokuwa nayo, mkaguzi anayetazama picha ya sanduku kwenye mashine haoni USB, anaona ekstensheni.

Uamuzi wangu: yenye kinga, hapana, hata ya bure. Isiyo na kinga, beba tu kama kampuni yako imeandika wazi kwamba inaruhusu na una vifaa viwili au vitatu vya plagi visivyo na namna. Msafiri wa kawaida hana.

Kigawanya soketi kisicho na waya

Hiki ni kile kijiboksi kinachochomekwa ukutani moja kwa moja, soketi moja ikawa tatu. Ukikilinganisha na ekstensheni ya waya, kinashinda kwa udogo, na hakuna waya wa kumkwaza mtu usiku meli ikiyumba. Kinashindwa kwa sababu hakisogei. Kama soketi iko mezani na wewe unataka kuchaji kando ya mto, bado uko mbali. Pia kikibebeshwa chaja nzito tatu huanza kuinama na kuachia, hasa kwenye soketi iliyolegea kwa kutumiwa na wageni wa miaka kumi. Na kampuni zinazokataa ekstensheni kwa kawaida hukikataa nacho.

Yaani kina ruhusa ileile ya ekstensheni na faida pungufu. Sikioni kikimfaa mtu zaidi ya yule mwenye kisanduku kidogo sana.

Chaja moja ya matundu mengi dhidi ya yote yaliyotangulia

Hii ndiyo ninayoipigia debe, basi niseme na kasoro zake.

Chaja moja yenye matundu matatu au manne ya USB hukaa kwenye soketi moja na kulisha fungu lako la kwanza lote. Haimo kwenye katazo la ekstensheni, kwa sababu haigawi umeme wa ukutani. Inaubadilisha kuwa umeme mdogo, volti 5 hadi 20, ndipo inapougawa. Nyingi zinakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo unaichomeka kwenye soketi ya Kimarekani au ya Kiulaya bila kuwaza. Za siku hizi ambazo vipande vyake vya ndani ni vya gali naitraidi (GaN) badala ya silikoni ni ndogo kuliko kiganja na zinatoa wati 65 au 100.

Wati ndizo za kuangalia, na ndipo wengi wanapodanganyika. Wati 65 zilizoandikwa mbele ya boksi ni za tundu moja likiwa peke yake. Ukijaza matundu yote zinagawanywa, kwa mfano 45 zikaenda kwenye kompyuta na 20 zilizobaki zikagombewa na simu na saa. Mgawanyo huo huandikwa kwa herufi za sisimizi nyuma ya boksi au kwenye ubavu wa chaja. Mwenye simu mbili na saa atatosheka na wati 30 au 40 kwa jumla. Mwenye kompyuta mpakato atafute 65 kwenda juu. Familia ya watu wanne yenye vishikwambi ibebe ya 100, au ibebe mbili za 65, moja mezani na moja kando ya kitanda. Mimi nachagua mbili, kwa kuwa moja ikifa katikati ya safari hamgombani.

Kasoro ya kwanza ni umbo. Soketi ya Kiulaya imezama ndani ya shimo la duara, na chaja pana ya mraba iliyovishwa adapta inaweza isifike chini, au ifike na kuning'inia nusu. Soketi mbili zilizobanana nazo hufanya chaja nene izibe ya jirani, ukawa hujapata faida yoyote. Chagua nyembamba na ndefu kuliko pana, au ile yenye waya wake mfupi wa kwenda ukutani, ambayo boksi lake hulala mezani. Kasoro ya pili ni ya wazi: haimsaidii mwenye draya. Kwa huyo, soma mbele.

Ukilinganisha na matundu ya USB yaliyomo kabinini, chaja yako bado inashinda, isipokuwa kwa uvivu. Matundu ya meli, hasa yale mapana ya zamani, mara nyingi hutoa wati 5 hadi 10. Betri ya simu kubwa ina nguvu ya wati-saa 15 hadi 19, kwa hiyo kwa wati 5 utasubiri saa nne au zaidi. Kwa kulala usiku mzima haina neno. Kwa yule aliyerudi kutoka bandarini saa kumi na anataka kutoka tena saa kumi na mbili, ni mateso. Tundu la USB la nyuma ya televisheni ni hivyohivyo au polepole zaidi, na mara nyingi televisheni ikizimwa nalo linazima.

Na nyaya usizisahau. Tangu mwisho wa mwaka 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya zinalazimika kuwa na tundu la USB-C, na watengenezaji wengi wameshalihamia duniani kote. Tazama vifaa vyenu: kama vyote vimeshahamia huko, nyaya tatu zinatosha familia nzima, na mmoja wapo uwe wa mita mbili. Huo mrefu ndio utakaofika kitandani kutoka mezani, kazi ambayo watu huibebea ekstensheni.

Pawabanki: msaidizi wa chaja

Watu hununua pawabanki kubwa wakidhani itawaondolea shida ya soketi. Haiondoi, inaihamisha tu, kwa kuwa nayo inataka kuchajiwa, na kubwa huchukua usiku mzima. Mahali pake ni nje ya meli. Siku ya bandari unatoka asubuhi, simu ndiyo kamera, ndiyo ramani, ndiyo mkalimani, na jioni unaihitaji iwe hai ili ujue saa ya mwisho ya kurudi. Ukiachwa bandarini kwa sababu simu ilizima, hakuna soketi ya kabini itakayokusaidia.

Kuhusu ukubwa, chukua namba ya mAh iliyoandikwa ubavuni, izidishe kwa volti 3.7 kisha gawa kwa 1,000, upate wati-saa. Ya 10,000 mAh ni wati-saa 37, ya 20,000 ni 74. Kama unapanda ndege kwenda bandarini, sheria ya anga ni wati-saa 100 bila kuomba ruhusa, takriban 27,000 mAh, na kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali. Tena ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Usitegemee kupata nguvu yote iliyoandikwa, maana sehemu nzuri yake hupotea kama joto wakati wa kubadilisha volti. Ile ya 10,000 itajaza simu kubwa mara moja na kubakiza kidogo kwa ajili ya visikizi. Kwa mtu mmoja inatosha. Ya 20,000 ni kwa wawili, au kwa mpiga picha asiyetulia.

Kuna njia ya kupunguza mahitaji yote haya bila kununua chochote: weka simu katika hali ya ndege tangu meli inapoondoka, kisha washa Wi-Fi peke yake. Simu iliyo baharini huhangaika kutafuta minara isiyokuwepo na kujimaliza betri. Mbaya zaidi, inaweza kuunasa mtandao wa simu wa meli unaopita kwenye setilaiti, na bili yake utaikumbuka kuliko safari. Programu ya meli, ile ya ratiba na menyu, hufanya kazi kwa Wi-Fi ya ndani.

Vya kichwani: draya na pasi ya nywele

Draya yako au ya kabini? Kabini nyingi zina yao, kwenye droo ya meza au ukutani bafuni, na sifa yake moja kuu ni kwamba ipo. Kwa nywele fupi inatosha. Kwa nywele nzito mtu atatamani yake, na kampuni nyingi zinaruhusu draya na pasi za nywele ingawa zinakataa karibu kila kitu kingine chenye joto. Tatizo ni volti. Draya ya volti 220 yenye wati 1,800 ukiichomeka kwenye 110 haipati nusu ya nguvu, inapata robo, yaani kama wati 450. Huo ni upepo wa kukaushia kope. Kinyume chake ndicho hatari: ya 110 ikiingia kwenye 220 huvuta nguvu mara nne, kwa sekunde chache, kisha unanusa harufu.

Adapta haibadilishi volti, inabadilisha umbo la pini tu. Kifaa kinachobadilisha volti kipo, lakini kile cha kumudu draya ni kizito kama tofali na chenyewe hutoa joto, sioni sababu ya kukisafirisha. Bora ununue draya ndogo ya safari yenye swichi ya volti mbili, au utumie ya kabini. Pasi za nywele zina nafuu, kwa kuwa nyingi zimeandikwa 100–240V ubavuni. Soma maandishi hayo hata kama una hakika. Ukikuta namba moja tu, mathalani 120V, itumie kwenye soketi inayolingana nayo na si nyingine.

Hapa ndipo adapta ndogo inapoipiku ekstensheni. Kwenye kabini yenye soketi ya Kimarekani na ya Kiulaya, wageni wengi hutumia zile za kwao tu na kuacha za upande wa pili wazi safari nzima. Adapta moja, ndogo kama kifundo cha kidole gumba, inakufungulia hizo bila kuvunja sharti la mtu yeyote. Chagua yenye mwili wa duara, iingie vizuri kwenye lile shimo la Kiulaya. Na kwa kuwa ina kazi ya kupitisha umeme tu, iweke kwa chaja, usiitundikie draya.

Mashine ya kupumulia usingizini

Kwa anayetumia mashine ya CPAP, kulinganisha kwangu kote hapo juu ni porojo. Yeye anataka soketi moja karibu na kichwa, kila usiku. Anaweza kubeba ekstensheni yake na kujieleza getini, au anaweza kuiarifu kampuni kabla ya safari, na kampuni nyingi humwekea waya wa ekstensheni kabinini pamoja na maji yaliyokenekwa. Njia ya pili ni bora mara mia, kwani waya wa meli umeshapasishwa na mafundi wa meli, hakuna wa kuuchukua. Andika mapema, tunza jibu, na mashine yenyewe uibebe mkononi.

Vidogovidogo

Feni: wanaozoea kulala na mvumo wanaweza kubeba ya USB au ya betri, ile ya kuchomeka ukutani hukubaliwa na baadhi ikiwa ndogo, ila inakula soketi usiku kucha. Taa ya usiku: kabini ya ndani isiyo na dirisha ina giza la kaburini, na kitaa cha betri ni bora kuliko kuacha taa ya bafu ikiwaka. Kuta za kabini nyingi ni za chuma, kwa hiyo kitaa chenye sumaku, au kulabu ya sumaku ya kutundikia nyaya, hunata popote.

Pasi ya nguo, mashine ya mvuke, birika la umeme, jiko la umeme, hita na blanketi la umeme, usijisumbue hata kuuliza. Baadhi ya meli zina chumba cha kufulia chenye pasi. Zisizo nacho, tundika shati bafuni wakati unaoga maji moto, mikunjo itapungua.

Kwenye sanduku au mkononi?

Sanduku kubwa unalikabidhi kwa wapagazi bandarini, linapita kwenye mashine ya ukaguzi, na linaweza kufika mlangoni kwako jioni. Hata kama hakuna chochote cha kukutilia shaka, ni saa nyingi bila chaja, siku ambayo umepiga picha kuliko siku zote na tiketi yako iko kwenye simu. Kwa hiyo chaja, nyaya mbili na pawabanki ziwe kwenye begi la begani. Draya na adapta ya akiba ziende na sanduku. Nyaya zote zikae kwenye kifuko kimoja kinachoonyesha ndani, maana rundo la nyaya zilizosokotana chini ya viatu ndilo linalomfanya mkaguzi aombe sanduku lifunguliwe.

Ukiniuliza la kubeba leo: msafiri peke yake abebe chaja ya wati 65 yenye matundu matatu, adapta moja na pawabanki ya 10,000. Wawili waongeze waya mrefu na kukuza pawabanki. Familia ibebe chaja mbili na adapta mbili. Mwenye kamera ya betri za kizamani atafute chaja ya USB ya betri hizo kabla ya safari, aondokane na plagi yake ya mwisho.

Ile ekstensheni yangu ya soketi sita bado ipo, nyuma ya televisheni nyumbani, inafanya kazi yake vizuri tu. Kile kikaratasi cha namba ya kabini bado kimebandika mgongoni mwake. Gundi ya kule sitaha ya chini imegoma kutoka.